Kutu ya Shina

Sheffield, Jumanne, mvua ya tangu alfajiri.
Bibi Maureen Oldroyd anaingia kwa dalali
na upanga uliovikwa pazia la jikoni,
maua ya njano, limefungwa kwa kamba za viatu.
Mimi ndiye niandikaye orodha ya mnada.
Natandika blanketi. Bosi, Tunnicliffe, anafuta miwani.

"Baba alikuja nao kutoka Burma," anasema bibi,
"akawa anafungulia makopo ya rangi."
Ncha haipo. Imekatika upana wa ukucha.
Tunnicliffe anaguna tu; ncha si msiba.
Wapo mafundi, watainama juu ya kinoo na maji
hadi mwili wa zamani uzae ncha mpya.
Upanga utapungua, bei itapungua, lakini utaishi.

Mapengo matatu ya makali: yanaondoka.
Kutu nyekundu ubapani, vidole vya watoto
walioambiwa wasiguse: inaondoka.
Ala imepasuka. Ala ni nguo tu.
Nahesabu kimoyomoyo, kama mpanga mafungu ya nyanya
azigeuzaye zilizobonyea zitazame chini:
elfu kumi na moja, elfu tisa, haya, nane.

Kisha anauinamisha chini ya taa,
polepole, kama asomaye barua isiyo yake.
Mstari wa moto unajitokeza, ule ukungu mweupe
uliozaliwa siku chuma kilipotoka tanuruni
kikapiga kelele majini.
Na hapo, shubiri moja kutoka mpinini,
ufa.
Mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
umesimama wima, umeanzia makalini, umevuka ukungu.
Nilikua nikiambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Huu hauzibwi.
Wala hakuna ukuta wa kujenga.

Bosi anagonga kijiti cha mwanzi, mpini unavuka.
Tumebakiwa na shina, mahali pasipoonwa na mtu,
ambapo pangepaswa kuwa peusi,
weusi wa kahawa iliyosahauliwa jikoni,
maana kutu ya shina ndiyo cheti cha kuzaliwa.
Ya ubapani ni ugonjwa, ya shinani ni umri;
ile unaiponya, hii huigusi hata kwa kitambaa.

Shina linang'aa kama kijiko cha harusi.

"Hiyo kazi ya Clifford!" Uso wa bibi unachangamka.
Marehemu mumewe. Miaka thelathini na sita
kwenye gurudumu la kunolea: visu vya mezani, mikasi,
nyembe za vinyozi, kikohozi.
"Alisema ni aibu, chuma kizuri hivi kulala na uchafu.
Jumapili tatu. Chai ikipoa pale pale."

Palikuwa na herufi mbili, alizozichonga mfuaji kwa tindo
karne nne zilizopita, labda tatu, nani atajua sasa?
Imesalia moja, na mkwaruzo.
Gurudumu halikuteleza hata mara moja;
mkono ulikuwa imara, kazi safi, sijaona iliyo safi zaidi.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Bosi anataja mia tatu na hamsini.
Anaitaja akilitazama pazia.
Nami na kalamu yangu: Ncha, pungufu. Makali, ufa mmoja.
Shina . . .
"Andika limesafishwa," ananinong'oneza.
Bibi ana masikio. "Limesafishwa na nani?
Mbona huandiki jina?"

Orodha haina safu ya jina hilo.
Namtazama Tunnicliffe, naye anafuta tena miwani mikavu.
Basi naandika, pembezoni, kwa herufi kubwa:
Clifford Oldroyd, mnoaji, Attercliffe.
Katika upanga mzima
ndiyo saini pekee inayosomeka.

Bibi anauliza kama mnada ni Alhamisi au Ijumaa,
kwani Ijumaa ana daktari wa miguu.
Alhamisi, namwambia.
Anafungua kamba za viatu zilizobaki, anazikunja mfukoni,
anauacha upanga uchi juu ya blanketi,
anachukua pazia lake,
dirisha, anasema, liko wazi tangu asubuhi.